Kutoka dresa hadi mhudumu wa kitongoji: Miaka mia ya afya mlangoni mwa mwananchi

Katikati ya mwaka 1973, Watanzania wanaokadiriwa kufikia milioni 2 walianza kukutana kila juma katika vikundi vidogo kusikiliza redio. Walikaa chini ya miembe, madarasani, katika ofisi za chama tawala, TANU, na barazani kwa mabalozi wa nyumba kumi. Kipindi kikiisha, kiongozi wa kikundi alifungua kitabu, akasoma somo la juma hilo kwa sauti, kisha maswali yakaanza. Hapa kwetu maji tunachota wapi? Mbu wanazaliana wapi? Nani hana choo? Kikao hakikufungwa mpaka kikundi kimeamua jambo la kufanya kabla ya juma lijalo.

Hiyo ndiyo kampeni ya Mtu ni Afya. Wazee waliokuwa vijana wakati ule bado wanalikumbuka jina lake, na serikali yenyewe imelirudia: mwaka 2024 ilizindua kampeni mpya ya usafi wa mazingira na kuipa jina lile lile. Jina likidumu miaka 50, lazima lilifanya kazi. Lakini jina hilo limebeba pia swali ambalo nchi imekuwa ikilijibu nusunusu tangu enzi za ukoloni: kati ya nyumba ya mwananchi na kitanda cha hospitali anasimama nani, na ni nani anayemlipa?

Dresa na hazina ya wenyeji

Hospitali za mwanzo zilikuwa za mjini, na mjini penyewe zilibagua. Dar es Salaam, Wajerumani walifungua hospitali ya Ocean Road mwaka 1897 kwa ajili ya Wazungu. Waafrika na Wahindi walihudumiwa katika hospitali nyingine, iliyojengwa kwa fedha za Sewa Haji Paroo, tajiri wa Bagamoyo mwenye asili ya Kihindi. Mkulima wa bara alibaki na mganga wa jadi, mkunga wa jadi na, palipokuwa na misheni jirani, dawa za mapadre na masista.

Waingereza walipokabidhiwa Tanganyika baada ya Vita Kuu ya Kwanza, walikuta nchi pana yenye madaktari wachache na fedha kidogo. Njia waliyoipata, kuanzia miaka ya 1920, ilikuwa rahisi. Kijana aliyejua kusoma aliteuliwa na mamlaka ya wenyeji, akapelekwa hospitali ya wilaya kwa miezi michache, akafundishwa kusafisha vidonda, kufunga bandeji na kugawa dawa chache za kawaida. Kisha alirudi kwao kufungua chumba cha dawa, mara nyingi kibanda cha miti na udongo. Watu walimwita dresa.

Dresa alitokea wakati mzuri. Ugonjwa wa buba ulikuwa umewavamia watu wa mikoa mingi, ukiwaachia watoto na wakubwa vidonda vibaya vya ngozi na mifupa iliyopinda. Sindano za buba zilikausha vidonda hivyo kwa muda mfupi, tena mbele ya macho ya kijiji kizima. Watu walitembea mbali kuzifuata, na imani kwamba dawa ya kweli ni ya sindano ilianza kujengeka. Imani hiyo bado inawasumbua waganga wa zahanati hata leo, mgonjwa anapokasirika kupewa vidonge.

Elimu ya dresa ilikuwa ndogo, na makosa yake hayakukosekana. Hata hivyo alikuwa na kitu ambacho warithi wake wengi wangekikosa: mshahara. Ulikuwa mdogo, lakini ulitoka katika hazina ya mamlaka ya wenyeji, yaani katika kodi iliyokusanywa pale pale. Aliyeugua alijua dresa anakaa wapi, na dresa alijua mwisho wa mwezi atapata nini.

Misheni nazo zilienda mbele zaidi. Mwaka 1935 daktari kijana wa Kiingereza, Leader Stirling, alifika kusini, pande za Masasi, akaanza kutibu na kupasua wagonjwa katika majengo ya miti na nyasi huko Lulindi, na baadaye Mnero. Alichukua uraia, akaingia bungeni, na kuanzia mwaka 1975 hadi 1980 akawa Waziri wa Afya wa Tanzania. Ni nadra kwa wizara kuongozwa na mtu aliyepitisha miaka yake ya ujana akifundisha wauguzi porini, na miaka yake ya uwaziri iliangukia kipindi ambacho zahanati zilikuwa zikijengwa kwa kasi.

Madaktari 12 na ushauri wa kutoka London

Mwalimu Nyerere alipenda kukumbusha kwamba Uhuru ulipopatikana tarehe 9 Desemba 1961, Tanganyika ilikuwa na madaktari wazalendo 12 tu, na kwamba watu wazima 85 katika kila 100 hawakujua kusoma na kuandika. Takwimu hizo mbili zinakwenda pamoja. Nchi isiyo na madaktari ingeweza kujikinga kwa elimu, lakini elimu yenyewe ya vitabu isingewafikia wengi.

Mwaka 1964 ilitoka ripoti ya jopo lililoongozwa na Richard Titmuss, profesa wa London School of Economics, kuhusu huduma za afya za Tanganyika. Ushauri wake ulikwenda kinyume na matamanio ya wanasiasa wengi wa wakati ule, ambao kila mmoja alitaka hospitali jimboni kwake. Hospitali zisipanuliwe ovyo, ilisema. Fedha ziende kwenye vituo vya afya vijijini, na kinga ipewe uzito sawa na tiba. Hospitali moja kubwa humeza fedha ambazo zingeendesha vituo vingi vidogo, na wanaoifikia ni wale wanaoishi karibu nayo.

Ushauri huo haukutekelezwa mara moja. Azimio la Arusha la Februari 1967 ndilo lililoupa nguvu ya kisiasa, kwa kuelekeza kwamba maendeleo yaanzie vijijini, waliko watu wengi. Mapema miaka ya 1970 TANU iliamua kwamba zahanati, maji na shule za vijijini zitangulie hospitali za miji. Vipimo navyo vikawekwa: zahanati moja kwa watu kati ya 6,000 na 10,000, kituo cha afya kimoja kwa watu wapatao 50,000.

Hesabu ya majengo inaonyesha uamuzi huo ulivyotekelezwa. Wakati wa Uhuru vituo vya afya vya vijijini vilikuwa 22 tu, na zahanati hazikufika 1,000. Kufikia mwaka 1980 vituo vya afya vilizidi 200 na zahanati zilizidi 2,500. Nchi chache maskini za wakati huo zilijenga kwa kasi ya namna hiyo. Lakini kuta hazikutosha, na waliopanga kampeni ya mwaka 1973 walilijua hilo.

Majuma 12 ya redio

Mtu ni Afya haikuzuka ghafla. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ilikuwa imeanza kujaribu vikundi vya kusikiliza redio mwaka 1969, kwa kampeni ya Kupanga ni Kuchagua iliyofafanua Mpango wa Pili wa Maendeleo wa Miaka Mitano. Mwaka 1970, uliotangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, ikafuata Uchaguzi ni Wako. Mwaka 1971, nchi ilipotimiza miaka 10 ya Uhuru, ikaja Wakati wa Furaha. Zote zilikuwa ndogo, lakini zilifundisha jambo moja: redio inayosikilizwa na mtu peke yake husahaulika, ila ikisikilizwa na kikundi chenye kiongozi na kitabu, huzaa uamuzi.

Kwa hiyo maandalizi ya kampeni ya afya yalianza na watu. Viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walifundishwa, hatua kwa hatua. Wakufunzi wa kitaifa waliwafundisha wa mikoa na wilaya, hao wakawafundisha wa tarafa na kata, mpaka semina zikafika kwa walimu, watumishi wa vijijini na wakulima waliojua kusoma. Wizara ya Afya, iliyokuwa chini ya Ali Hassan Mwinyi, ilitoa utaalamu. Wizara ya Elimu na taasisi yake zilitoa mbinu. Chama kilitoa mtandao wake wa mabalozi, na Uswidi ilisaidia fedha.

Masomo yalichagua maadui wachache wanaojulikana kwa kila mtu: malaria, safura, kichocho, kuhara damu, kifua kikuu na maji machafu. Kila somo lilieleza ugonjwa unatoka wapi na unaingiaje mwilini, kisha likauliza kikundi kifanye nini. Hapakuwa na jambo lililohitaji fedha za kigeni. Chimba choo. Fyeka nyasi kuzunguka nyumba. Fukia madimbwi. Chemsha maji. Lala ndani ya chandarua ukikipata.

Wakati nao ulichaguliwa vizuri. Kampeni iliendeshwa majuma 12 ya kiangazi, kazi za shamba zikiwa zimepungua na ardhi ikichimbika bila shimo kujaa maji. Waliojua kusoma waliwasomea wasiojua, na katika miaka ambayo taifa lilikuwa limejiwekea lengo la kufuta ujinga kufikia mwaka 1975, kikundi cha afya kilikuwa pia darasa la kusoma.

Makadirio yaliyotolewa baadaye yalitaja vyoo 750,000 vilivyochimbwa katika kampeni hiyo. Nchi yenyewe, kwa sensa ya mwaka 1967, ilikuwa na watu milioni 12 na ushei. Hata ukipunguza makadirio hayo kwa nusu, bado ni kazi kubwa kwa majembe ya mkono.

Hata hivyo choo cha miti na udongo kina umri wake. Mchwa hula nguzo, mvua hubomoa kingo, shimo hujaa, na baada ya misimu michache familia inatakiwa kuchimba kingine. Kufikia hapo redio ilikuwa imeshahamia somo jingine. Mwaka 1975 ilikuja kampeni ya Chakula ni Uhai, na mwaka 1980 Misitu ni Mali. Kila moja ilikuwa na kitabu chake na vikundi vyake. Lakini viongozi 75,000 waliofundishwa mwaka 1973 hawakugeuzwa kuwa watumishi wa kudumu wa afya. Walirudi mashambani mwao, na ujuzi wao ukabaki kumbukumbu. Kwangu hilo ndilo kosa kubwa la kampeni iliyofanikiwa: iliamsha watu kwa majuma 12, kisha ikawaachia waendelee kwa moyo tu.

Zahanati na kadi ya kliniki

Wakati huo huo watu walikuwa wakihamishiwa katika vijiji vya pamoja, wengi kwa hiari ndogo na baadhi kwa nguvu. Kufikia katikati ya miaka ya 1970 vijiji vilizidi 7,000. Machungu ya uhamisho ule yana historia yake. Kwa upande wa afya, ulileta kaya karibu na kisima, shule na zahanati, lakini pia ulirundika watu mahali ambapo vyoo vilikuwa bado havijachimbwa.

Ndani ya zahanati alikaa mganga msaidizi wa vijijini, aliyesomea kazi hiyo baada ya elimu ya msingi, na pembeni yake mhudumu wa afya ya mama na mtoto. Kundi hili la pili, karibu wote wanawake, lilianza kufundishwa katika miaka ya 1970, na ndilo lililobadilisha maisha ya akina mama kuliko jengo lolote. Mjamzito alipata pa kwenda kabla hajaumwa. Chanjo za kifua kikuu, polio, surua, dondakoo, kifaduro na pepopunda zilikusanywa katika mpango mmoja wa taifa kuanzia mwaka 1975. Mtoto akapata kadi ya kliniki yenye mstari wa ukuaji, na mama asiyejua kusoma akajifunza kuusoma mstari huo: ukipanda ni heri, ukilala kuna jambo.

Septemba 1978 wajumbe wa nchi 134 walipokutana Alma-Ata, katika Umoja wa Kisovieti, na kutangaza lengo la Afya kwa Wote ifikapo mwaka 2000, Tanzania haikwenda kujifunza tu. Ilikuwa miongoni mwa nchi ambazo uzoefu wake ulitazamwa kama mfano wa afya ya msingi. Mwaka mmoja kabla, ilikuwa pia imepiga marufuku hospitali binafsi za biashara, uamuzi uliodumu hadi mwaka 1991.

Mizani ya Iringa

Kwa wanaotaka kujua afya ya jamii inafanyaje kazi inapofanya kazi, Iringa ya miaka ya 1980 ina mafunzo kuliko kampeni yoyote. Mkoa ulikuwa unavuna mahindi ya kutosha, lakini watoto wake wengi walikuwa na uzito pungufu. Mpango wa pamoja wa lishe wa Shirika la Afya Duniani na UNICEF, kwa fedha za serikali ya Italia, ulianza huko mwaka 1983 katika vijiji 168.

Msingi wake ulikuwa mizani. Kila baada ya miezi 3 kijiji kilikuwa na siku ya afya. Watoto wote wa chini ya miaka 5 waliletwa, wakapimwa kwenye mizani iliyoning'inizwa mtini, na matokeo yakaandikwa na wahudumu wawili wa afya wa kijiji, mwanamke na mwanamume, waliochaguliwa na wanakijiji wenyewe. Tofauti ilianza hapo. Takwimu hazikupanda gari kwenda wizarani kwanza. Zilipelekwa kwenye halmashauri ya kijiji, na viongozi wakaulizwa: watoto wangapi wamepungua, ni wa nani, na kwa nini?

Majibu yaliwatoa watu katika fikra kwamba njaa ni kukosa chakula tu. Mtoto mmoja alipungua kwa sababu mama alishinda shambani na kwenye kuni, akamlisha mara 2 kwa siku. Mwingine aliugua malaria mara kwa mara. Wa tatu alilishwa uji mzito uliomshibisha kabla hajapata nguvu. Kila sababu ilikuwa na dawa yake. Vijiji vilianzisha vituo vya kulelea na kulishia watoto mchana. Akina mama walifundishwa kutumia kimea, unga wa nafaka iliyooteshwa, ambao ukitiwa kidogo kwenye uji mzito huulainisha, mtoto akanywa zaidi. Taasisi ya Chakula na Lishe, iliyoundwa mwaka 1973, ilikuwa imeshughulika na maarifa hayo ya jikoni kwa miaka.

Baada ya miaka 4 hivi, watoto wenye uzito pungufu katika vijiji vya mwanzo walishuka kutoka takribani asilimia 56 hadi 38. Wale wenye utapiamlo mkali walishuka kutoka asilimia 6 hivi hadi chini ya 2. Mpango ukaenea mkoa mzima, kisha mikoa mingine. Fikra yake, kwamba utapiamlo wa mtoto una sababu za karibu, za kati na za chini kabisa, na kwamba jamii yenyewe inaweza kuzipima, kuzichambua na kuchukua hatua, iliingia katika mkakati wa lishe wa UNICEF wa mwaka 1990 na ikasambaa duniani. Wanafunzi wa lishe wa mabara mengine wanachora leo mchoro ambao mizizi yake iko katika vikao vya vijiji vya Iringa.

Posho iliyokwama

Lakini mhudumu wa afya wa kijiji alilipwa na nani? Kwa mpango, serikali ya kijiji. Mahali ambapo kijiji kilikuwa na duka la ushirika, mashine ya kusaga au shamba la pamoja lenye faida, posho ilitoka. Kwingineko iliahidiwa mkutanoni na kusahaulika mavuno yalipopungua. Mkono mtupu haulambwi. Wahudumu wengi walivumilia mwaka mmoja au miwili, kisha wakarudi kwenye jembe au biashara. Tukumbuke dresa wa enzi ya ukoloni: serikali iliyomnyonya mwananchi ilijua kumtengea mtu huyo mshahara katika hazina ya mahali pake. Taifa huru lilimpa heshima na baiskeli, likamnyima mshahara.

Uchumi haukusaidia. Vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979, bei ya mafuta na upungufu wa fedha za kigeni viliacha zahanati zikiwa na kuta bila dawa. Kuanzia mwaka 1984, kwa msaada wa Denmark na UNICEF, masanduku ya dawa muhimu yaliyofungwa rasmi yalianza kupelekwa kila mwezi kwenye zahanati na vituo vya afya, na hilo liliokoa heshima ya zahanati. Mwaka 1986 nchi ilikubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa kurekebisha uchumi na kubana matumizi ya serikali. Mwaka 1993 uchangiaji wa gharama ukaanza hospitalini, na msamaha ukawekwa kwa wajawazito, watoto wadogo na wasiojiweza. Mwaka 1996 Mfuko wa Afya ya Jamii ulijaribiwa wilayani Igunga: kaya ilipe mchango mmoja kwa mwaka, itibiwe mwaka mzima. Sheria yake ilipitishwa mwaka 2001.

Katika miaka hiyo hiyo UKIMWI ulidhihirisha thamani ya mtu anayefika mlangoni. Wagonjwa wa kwanza walitambuliwa Kagera mwaka 1983, na muda si mrefu wodi zilijaa watu ambao hospitali haikuwa na dawa ya kuwapa. Walirudishwa nyumbani, kwa mama na bibi. Mwaka 1989 lilianzishwa shirika la WAMATA, lililowakusanya waathirika na ndugu zao, na kutoka katika vikundi vya namna hiyo na vya makanisa kukazaliwa wahudumu wa wagonjwa majumbani. Waliosha vidonda, walifundisha familia bila kuinyanyapaa, na dawa za kufubaza virusi zilipofika katika miaka ya 2000 wao ndio waliomfuata aliyeacha kumeza. Nao pia wengi walikuwa wa kujitolea, na mradi ulipofungwa, walifungwa nao.

Shinikizo la damu na dirisha la wazee

Mwaka 2007, Mpango wa Maendeleo wa Afya ya Msingi, unaofahamika kwa kifupi MMAM, uliweka lengo la zahanati kila kijiji na kituo cha afya kila kata. Wananchi walifyatua matofali, wakachangia mchanga na nguvukazi, na maboma mengi yakasimama. Baadhi yalisubiri paa, mganga na dawa kwa miaka.

Wakati majengo yakisubiri, magonjwa yalibadilika. Shinikizo la damu na kisukari, vilivyodhaniwa kuwa vya matajiri wa mjini, vimeingia hadi vijijini, na havina sindano moja ya kuvimaliza kama buba. Vinahitaji kupimwa kabla ya dalili, chakula kinachofaa, mwili unaofanya kazi na dawa ya kila siku. Desemba 2016 Samia Suluhu Hassan, wakati huo Makamu wa Rais, alizindua kampeni ya taifa ya mazoezi, Jumamosi ya pili ya kila mwezi. Klabu za jogging za Dar es Salaam zilikuwa zimeshatangulia, zikikimbia barabarani alfajiri kwa nyimbo zinazofanana na mchakamchaka wa shule za zamani.

Kwa wazee, Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 na Sera ya Afya ya mwaka 2007 ziliahidi matibabu bila malipo kwa wenye miaka 60 na zaidi wasio na uwezo. Hospitali nyingi zina dirisha la wazee na bango la kuomba mzee apishwe kwanza. Dirisha hilo ni jema, ila mzee mwenye shinikizo la damu anayeishi kilomita 10 kutoka zahanati anahitaji zaidi mtu wa kumfikia na kipimo nyumbani, na kumuuliza kama vidonge vimekwisha.

Wawili kwa kila kitongoji

Januari 2024 serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, wanaoitwa kwa kifupi WAJA. Lengo ni kupata wahudumu 137,294 katika miaka 5, wawili kwa kila kitongoji na kila mtaa, wanaofunzwa kwa miezi 6. Kazi yao inachanganya yote yaliyotangulia: lishe ya watoto, afya ya uzazi, malaria, kifua kikuu, UKIMWI, usafi na magonjwa yasiyoambukiza. Ni Mtu ni Afya na mizani ya Iringa katika mkoba mmoja.

Safari hii suala la malipo limewekwa wazi zaidi kuliko zamani. Majirani nao wamelitambua. Kenya ilizindua wahudumu wa afya ya jamii 100,000 mwezi Septemba 2023, ikiwapa posho ya shilingi 5,000 za Kenya kwa mwezi, nusu kutoka serikali ya taifa na nusu kutoka kaunti. Rwanda iliwaunganisha wahudumu wake katika vyama vya ushirika ili kazi yao iwaletee kipato. Hakuna kati ya nchi hizi iliyogundua siri mpya. Zimekubali tu kwamba kazi ya kila siku haiendeshwi kwa shukrani.

Hapa historia inatoa hukumu iliyo wazi. Kila mara afya ya jamii ilipopiga hatua nchini, mambo mawili yalikuwepo: wananchi waliketi na kuamua wenyewe, kama mwaka 1973 na kama Iringa, na palikuwa na mtu anayejulikana aliyefuatilia uamuzi huo. Na kila mara iliporudi nyuma, mtu huyo alikuwa ameachwa bila malipo au bila dawa. Zahanati na mizani bila mtu huyo vilibaki majengo na vyuma.

Kwa hiyo msomaji asingoje kampeni nyingine. Zahanati yako ina kamati ya usimamizi yenye wajumbe waliotoka kwa wananchi, na tangu mwaka wa fedha 2017/18 sehemu ya fedha za uendeshaji huingia moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo. Nenda kwenye mkutano mkuu wa kijiji au wa mtaa, uliza taarifa ya mapato na matumizi isomwe, uliza wahudumu wawili wa kitongoji chako ni akina nani, na uliza kama mwezi uliopita walilipwa. Wakijibu hawajalipwa, hilo liwe ajenda ya kwanza kabla ya tofali lolote jipya.